Ndoo Moja ya Maji: Wiki za Kwanza Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Moyo

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja, mkulima mwenye watoto watatu, alirudi kliniki siku ya 23 tangu afanyiwe upasuaji wa moyo. Vali yake ya mitrali, ile inayotenganisha vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, ilikuwa imeharibiwa na homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni. Wenzangu wapasuaji waliiondoa na kuweka vali ya bandia. Upasuaji ulikwenda salama, naye alitoka wodini akitembea kwa miguu yake, mkononi ameshika karatasi ya maelekezo tuliyokuwa tukimpa kila mgonjwa.

Siku hiyo ya 23 kidonda chake kilikuwa kikavu na hakuwa na homa. Alichokilalamikia ni kwamba kila akigeuka kitandani kuna kitu kinagonga ndani ya kifua. Niliweka kiganja juu ya kidari chake, nikamwomba akohoe, na papo hapo nikauhisi mfupa ukicheza chini ya mkono wangu. Nyaya mbili kati ya zile zilizoushikilia zilikuwa zimeukata mfupa na kulegea.

Nilimwuliza kama alinyanyua mzigo mzito. Akasema hapana. Mume wake, aliyeketi pembeni, naye akasema hapana, mkewe hajagusa mzigo wowote. Basi nikamwomba anieleze siku yake inavyoanza. Akajibu bila wasiwasi kwamba huamka, huchota maji, kisha huwapikia watoto uji. Bomba liko umbali gani? Mwendo wa dakika kumi. Ndoo ya ukubwa gani? Ile ya lita 20. Kisha akaongeza, kana kwamba ananiondolea shaka: "Lakini mzigo, daktari, sijabeba."

Alikuwa anasema kweli. Katika lugha ya nyumbani kwake mzigo ni gunia la mahindi au tita la kuni. Maji ni maji. Karatasi yetu iliandikwa "Usinyanyue vitu vizito kwa wiki 12", nasi tulidhani tumesema yote. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 za maji pekee, mara nne ya kiwango ambacho mgonjwa wa aina yake anaruhusiwa kukinyanyua. Mama yule alirudishwa chumba cha upasuaji, mfupa ukafungwa upya, akakaa wodini wiki nyingine mbili. Kosa halikuwa lake. Sisi ndio tuliompa onyo lisilotaja ndoo.

Makala haya yanatokana na somo hilo. Upasuaji wa moyo si jambo geni tena nchini. Kuna wakati Mtanzania aliyehitaji kufunguliwa moyo alilazimika kupelekwa nje, mara nyingi India. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianze kazi jijini Dar es Salaam mwaka 2015, wagonjwa wengi hutibiwa hapa hapa na kurejea mitaani na vijijini kwao. Mgonjwa asiyepata tatizo huruhusiwa baada ya wiki moja au mbili hivi. Upasuaji wenyewe huchukua saa chache. Uponaji huchukua takriban miezi mitatu, na sehemu kubwa ya miezi hiyo hupita mbali na macho ya daktari. Anayekuwapo ni mke, mume, mama mkwe, wifi, kijana wa kidato cha pili. Hao ndio wauguzi wa kipindi hicho, na mara nyingi hakuna aliyekaa nao kuwaeleza kazi yao.

Mfupa usioweza kufungwa plasta

Ili kuufikia moyo, mpasuaji huukata mfupa wa kidari katikati, kuanzia chini ya koo hadi juu ya tumbo. Kazi ikiisha, pande mbili za mfupa hukutanishwa na kufungwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Nyaya hizo hubaki mwilini maisha yote na hazina madhara.

Kuanzia hapo mfupa huunga kama unavyounga mfupa wa mguu uliovunjika. Tofauti ni kwamba mguu hufungwa plasta ukatulia, ilhali kidari hakiwezi kutulia kwa kuwa mwenyewe lazima apumue. Mtu mzima aliyepumzika hupumua angalau mara 12 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 17,000 kwa siku, na kila pumzi huuvuta mfupa huo kidogo. Nyaya huhimili mvuto huo bila shida. Zinachoshindwa kuhimili ni mvuto mkubwa wa ghafla, hasa ule wa mikono miwili inayovuta, kusukuma au kunyanyua, kwa sababu misuli ya mikono imeshikamana na kifua.

Katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo mfupa huanza kushikana vyema. Hufikia uimara wa kuaminika karibu na wiki ya 12. Kwa mwenye kisukari, mvutaji wa sigara, mtu mnene sana au mzee ambaye mifupa imepungua uimara, muda huo unaweza kurefuka. Kwa hiyo mgonjwa anayejisikia mzima katika wiki ya 5 hajakosea kuhusu moyo wake. Moyo huenda kweli umepata nafuu. Mfupa ndio ambao bado.

Mzigo ni nini?

Kanuni ya jumla ni kwamba kwa wiki 12 mgonjwa asinyanyue, asivute wala asisukume kitu kinachozidi kilo 5. Lakini kilo 5 hazionekani kwa macho, na nyumba nyingi hazina mizani. Heri tuzitaje kazi kwa majina yake.

Kuchota maji kwa ndoo au dumu la lita 20, kwa mkono au kichwani, haruhusiwi. Dumu la lita 3 linatosha. Kutwanga, kusaga kwa jiwe, kulima, kupasua kuni na kusonga ugali wa watu wengi ni kazi za mikono na kifua; zote zisubiri. Kufua nguo chache nyepesi kunawezekana baada ya wiki kadhaa, lakini kukamua blanketi au shuka nzito hakuruhusiwi. Kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga hakufai, na kumnyanyua kutoka chini hakufai pia. Mtoto na aletwe, mama aketi, kisha awekwe mapajani. Hili huwaumiza akina mama kuliko kidonda chenyewe, nami siwalaumu. Ila mtoto wa mwaka mmoja ana uzito wa kilo 9 au 10, na hujirusha bila kutoa taarifa.

Yapo pia mambo ambayo hakuna ayaitaye kazi. Kutundika chandarua kunahitaji mikono miwili juu ya kichwa, mwingine akitundike. Kuinuka kutoka kwenye mkeka kwa kujisukuma na mikono huuvuta mfupa, hivyo katika wiki za mwanzo mgonjwa alale kwenye kitanda chenye kimo cha kiti. Anapotaka kuamka, kwanza ageukie ubavu, ateremshe miguu, kisha ajiinue polepole bila kuvutwa mkono. Jamaa wengi hudhani wanamsaidia mgonjwa wanapomshika mikono na kumvuta. Afadhali wamshike mgongoni.

Choo cha kuchuchumaa nacho kina mtego wake. Kushuka ni rahisi. Kuinuka ndiko kunakomfanya mtu ashike ukuta na kujivuta. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, ambacho fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza, huondoa tatizo hili kwa gharama ndogo. Mgonjwa Mwislamu asisujudu chini katika kipindi hiki iwapo itambidi ajiinue kwa mikono. Sheria ya dini yake imemruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi.

Kuhusu usafiri, pikipiki na baiskeli ziwekwe kando hadi wiki 12 zitimie, awe dereva au abiria. Shimo moja la barabarani linatosha kuharibu kazi ya wapasuaji. Anayeendesha gari asubiri angalau wiki 6 na apate kibali cha daktari. Anayerudi mkoani kwa basi akae kiti chenye nafasi ya kunyoosha miguu, aweke taulo iliyokunjwa kati ya kifua na mkanda wa usalama, na ashuke kutembea kidogo kila gari linaposimama, ili damu isigande miguuni.

Kutembea ni sehemu ya tiba

Baada ya orodha ndefu ya makatazo, familia nyingine huangukia kosa la upande wa pili. Mgonjwa huwekwa kitandani, hulishwa, hufunikwa, na akisimama watu hushtuka. Mapenzi ya namna hii hudhuru. Anayelala mchana kutwa hupungukiwa misuli, mapafu yake hayajai vizuri na hushambuliwa na nimonia, na damu ya miguuni huelekea kuganda.

Miguu haikukatazwa chochote. Katika wiki ya kwanza nyumbani, mgonjwa atembee dakika 5 mara tatu au nne kwa siku, mahali tambarare, asubuhi au jioni wakati jua si kali. Kila baada ya siku mbili tatu aongeze dakika chache. Wengi hufikia dakika 30 mfululizo ifikapo wiki ya 6. Kipimo cha kasi ni mdomo wake mwenyewe: akiweza kutembea huku anazungumza, mwendo ni sawa, akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio kupita kiasi, asimame, aketi, na taarifa ifike hospitalini.

Kukohoa nako hakuepukiki, wala kusiepukwe, kwa maana husafisha mapafu. Mgonjwa akumbatie mto au kanga iliyokunjwa mara kadhaa, aubane kifuani, ndipo akohoe. Afanye hivyo pia akipiga chafya au akicheka. Avute pumzi ndefu mara kumi kila saa anapokuwa macho. Moshi wa kuni na mkaa umkae mbali; hii ni sababu nyingine ya kumpumzisha jikoni.

Kuhusu tendo la ndoa, wagonjwa hawaulizi na madaktari hawasemi, hivyo nitasema hapa. Mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema sana ana nguvu za kutosha, na wengi hufika hapo kati ya wiki ya 4 na ya 8. Kilicho muhimu ni kuchagua mkao usioegemeza uzito kwenye mikono wala kifua cha aliyefanyiwa upasuaji.

Kidonda, chakula na moyo wa ndani

Kidonda cha kifuani kioshwe kila siku kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kisha kikaushwe kwa kitambaa safi kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Kisipakwe majivu, asali, mafuta ya nazi, dawa ya meno wala mti shamba. Wanawake wavae sidiria laini isiyobana ili uzito wa matiti usikivute kidonda. Aliyefanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo na kutolewa mshipa mguuni ana kidonda cha pili; mguu huo uinuliwe juu ya mto anapoketi, na kuvimba kidogo ni kawaida.

Hamu ya chakula hupotea kwa wiki kadhaa na vyakula hubadilika ladha. Mgonjwa apewe kidogo kidogo mara nyingi: samaki, maharage, mayai, kuku, matunda. Chumvi ipunguzwe, na dagaa waliokaushwa kwa chumvi, ng'onda na viungo vya supu vya pakiti viepukwe, kwa kuwa chumvi huzuia maji mwilini na kuulemea moyo. Papai, mboga na maji kwa kiasi alichoelekezwa humkinga na choo kigumu, maana kujikamua chooni hukaza kifua. Ikiwa mizani ipo nyumbani au kwenye zahanati jirani, uzito upimwe asubuhi kabla ya kula. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, wala si unene wa afya ambao majirani hukimbilia kuusifu.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna karatasi ya hospitali niliyowahi kuiona ikilieleza sawasawa. Katika wiki hizi watu wazima hulia bila sababu wanayoweza kuitaja. Husahau majina, huota ndoto za kutisha, hukasirikia watoto. Baba aliyezoea kuilisha nyumba huketi barazani akitazama wengine wakifanya kazi yake, na hujiona amekuwa mzigo. Hali hii huwapata wengi na aghalabu hupungua kadiri wiki zinavyopita. Familia isimkemee kwa kumwambia amshukuru Mungu tu. Imsikilize, na impe kazi ndogo ya kweli: kuchambua mchele, kusimamia masomo ya watoto, kutunza hesabu za duka. Huzuni ikidumu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, au akianza kusema heri angekufa, hilo ni la kuripotiwa hospitalini kama zinavyoripotiwa homa na damu.

Wageni wanaokuja kumjulia hali nao wapangiwe utaratibu. Watatu kwa wakati, muda mfupi, na mwenye mafua atume salamu.

Kidonge kisichokwisha

Kwa wale waliowekewa vali ya bandia ya chuma na kaboni, kuna suala moja linalozidi mengine yote. Vali hiyo haichakai kirahisi, lakini damu huiona ni kitu kigeni na hutaka kuganda juu yake. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa warfarini, dawa inayopunguza mwelekeo wa damu kuganda, na huinywa kila siku kwa maisha yake yote.

Nakumbuka kijana wa sekondari aliyekuwa akilala chumba kimoja na bibi yake. Vali za namna hii hutoa mlio mdogo, mithili ya saa ya mkononi, na usiku wa kimya husikika hata kwa aliye karibu. Bibi alikuwa amezoea kuusikiliza mpaka usingizi umchukue. Katika wiki ya 7 vidonge viliisha. Duka la dawa la pale kijijini halikuwa navyo, nauli ya kwenda mjini ilikuwa shida, na kijana alijiona amepona. Siku tisa baadaye bibi aliwaambia watu wa nyumbani kwamba saa ya mjukuu wake haisikiki vizuri. Walimcheka kidogo. Kesho yake kijana alishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, nao wakaacha kucheka, wakachanga nauli.

Bonge la damu lilikuwa limeibana vali. Alifika akiwa na saa chache tu mbele yake, akapewa dawa ya kuyeyusha bonge, na leo yu hai. Wapo niliowapokea wakiwa wamechelewa kuliko yeye, na wengine wakiwa tayari wamepooza upande mmoja kwa kiharusi. Karibu wote walikuwa na maelezo yaleyale: dawa iliisha, na nilijisikia vizuri.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kwamba vidonge vya wiki mbili vikibaki, safari ya kutafuta vingine ianze. Sheria ya pili ni kunywa saa ileile kila siku, ikiwezekana jioni. Ya tatu ni kipimo cha damu kiitwacho INR. Kwa wengi wenye vali ya mitrali ya chuma hutakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5, kwa vali ya aota, kati ya 2.0 na 3.0. Kikiwa chini, damu inaweza kuganda. Kikiwa juu, mtu anaweza kuvuja damu. Katika wiki za mwanzo hupimwa mara kwa mara, baadaye kwa nafasi ndefu zaidi. Namba hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na dozi, na daftari liende kila anakokwenda mgonjwa.

Watu huambiwa mara nyingi kwamba anayetumia warfarini asile mboga za majani. Si hivyo. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Anayekula mboga kila siku na aendelee kuzila kila siku kwa kiasi kilekile, nasi tutapanga dozi kulingana na mlo wake. Hatari iko katika kubadilika ghafla: mwezi mzima bila mboga, kisha wiki nzima ya kisamvu.

Dawa za dukani ni hatari zaidi ya mboga. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini isiyoandikwa na daktari huweza kusababisha kuvuja damu tumboni. Metronidazoli na baadhi ya viuavijasumu vingine hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha mno. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli kwa dozi ya kawaida hufaa. Dawa za mitishamba zisichanganywe na warfarini, kwa kuwa hakuna anayeweza kukadiria zitakavyoitendea damu.

Mwanamke anayeweza kushika mimba na azungumze na daktari mapema, kabla ya mimba, maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto hasa katika miezi ya mwanzo. Akihisi ameshika mimba, aje mara moja. Asiache dawa mwenyewe.

Hatimaye, vali mpya haiondoi chanzo cha ugonjwa. Aliyeharibikiwa vali kwa homa ya baridi yabisi kwa kawaida huendelea na sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, ili maambukizi ya koo yasiamshe ugonjwa upya. Amweleze muuguzi kwamba anatumia warfarini, na mahali palipochomwa pabanwe kwa dakika kumi. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku. Kabla ya kung'oa jino, daktari wa meno aambiwe kuhusu vali, kwani vijidudu vya kinywani vinaweza kuingia kwenye damu na kujenga makao kwenye vali; kuna dozi ya kinga inayotolewa kabla ya tendo hilo.

Wakati wa kutosubiri

Mgonjwa arudishwe hospitalini siku hiyohiyo endapo kidonda kitatoa usaha, kitakuwa chekundu na cha moto, au mfupa utagonga. Arudi pia akipata joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi. Hapa tuna desturi ya kuiita kila homa malaria na kununua dawa mseto. Kwa mtu huyu malaria ipimwe, lakini hata ikionekana, bado aonwe na wanaomfahamu, kwa sababu homa hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye kidonda au kwenye vali.

Asisubiri hata saa moja akishindwa kupumua anapolala, akizimia, akipata choo cheusi kama lami, damu ya pua isiyokoma, maumivu makali ya kichwa, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kuvurugika; na kwa mwenye vali ya chuma, mlio wake ukififia.

Swali kabla ya kuruhusiwa

Tangu siku ya yule mama, simruhusu mgonjwa kabla ya kuketi na mtu mmoja au wawili wa nyumbani kwake. Siwasomei karatasi. Nawauliza: Maji mnachota wapi, na kwa wiki 12 zijazo nani atachota? Nani atalala karibu naye? Dawa zikibaki za wiki mbili, nani atakwenda kuzitafuta na nauli itatoka wapi? Usiku mkimwona amebadilika, mtampigia nani na mtapanda gari la nani?

Mara nyingi swali la kwanza hufuatiwa na kimya. Watu hutazamana. Mume hutazama chini, kisha husema atachota yeye, au mpwa ataletwa kutoka kijijini, au majirani watapeana zamu. Nimejifunza kuuvumilia ukimya huo na kutoujaza kwa maneno yangu, kwa kuwa jina linalotajwa baada yake ndilo litakaloandikwa kwenye daftari.

Mama yule alipoondoka mara ya pili, wifi yake alikuja kukaa naye kwa miezi mitatu. Alichota maji yote. Siku ya kumpima mwisho walikuja pamoja, nikaweka kiganja kifuani, nikamwomba akohoe. Mfupa ulikuwa umetulia. Nikamwambia sasa anaweza kuanza na nusu ndoo. Wifi akacheka, akasema ndoo zenyewe amekwisha kuzigawa kwa watoto, na kila mmoja ana ya ukubwa wake.